Mwalimu wa Tarumbeta na Ubeti Usioisha

Asubuhi ya kwanza niliporudi kukaa katika nyumba ya marehemu baba, juu kidogo ya barabara iendayo Kwai, niliamshwa na mlio wa ng'ombe aliyezama kwenye matope. Ndivyo nilivyodhani. Nilivaa kandambili nikatoka kwenda kusaidia, maana mtu aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi hurudi milimani akiwa na hamu kubwa ya kuonekana kwamba bado anajua kazi. Kwenye shamba la chini nikamkuta jirani yangu, mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Mama Kabichi, ameinama anapalilia kana kwamba hasikii kitu.

"Ng'ombe wa nani huyo?" nikamuuliza.

"Salamu kwanza, Profesa."

"Habari za asubuhi, Mama Kabichi."

"Nzuri. Huyo siyo ng'ombe. Huyo ni Mwalimu na tarumbeta lake. Anajifunza upya."

"Anajifunza nini?"

"Wimbo wa kumzikia mkewe."

Umande ulikuwa umeshanilowesha miguu. Nikasema pole, nikauliza Mama Mwalimu amefariki lini, mbona sikupata habari.

"Nani kakwambia kafa?" Mama Kabichi aliendelea kupalilia. "Yuko dirishani, anamsikiliza. Nenda kamsalimie, alikuwa anakuulizia."

Mimi si profesa. Nilikuwa mhadhiri tu, na wakati ule nilikuwa nimechukua likizo bila malipo ili niandike kitabu, ambacho mpaka leo kina kichwa kizuri sana. Na yeye Mwalimu hakuwa mwalimu wa shule yoyote. Maisha yake yote ya kazi alikamua ng'ombe wa maziwa huko Kwai. Lakini jioni, chini ya kibanda cha mabati nyuma ya kanisa la Kilutheri, aliwafundisha vijana wa usharika kupuliza matarumbeta, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipiga sauti ya pili, vibaya kiasi cha kustahimilika. Kisha nikaenda chuo kikuu, ambako nilijifunza kuuzungumzia muziki bila kupuliza chochote.

Kwa msomaji asiyetoka huku, nieleze desturi yetu. Mtu akizikwa katika usharika wetu, bendi ya matarumbeta husimama upande wa kichwa cha kaburi na kupiga wakati udongo unarudishwa. Lakini aliyefiwa na mke au mume akiwa mwenyewe ni mpigaji, yeye hatupi udongo kaburini. Kazi yake ni nyingine. Kabla jembe la kwanza halijaingia kwenye kifusi, anapiga ubeti mmoja peke yake, wa wimbo aliouchagua marehemu. Watu wote wananyamaza. Akimaliza, ndipo bendi inaingia na majembe yanaanza. Akishindwa katikati, anaanza tena, na jeneza linangoja. Nimewahi kuona limengoja mpaka mvua ikanyesha.

Kwa hiyo nyimbo hizo huchaguliwa mtu akiwa hai, na hapo ndipo Mwalimu alipojichumia sifa mbaya. Alikuwa na tabia ya kwenda kuwatazama wagonjwa na chupa ya maziwa, anakaa kitandani, anaulizia maumivu kwa upole kabisa, halafu anatoa swali lake: "Na wimbo, umeshafikiria?" Aliuliza kama fundi cherehani anayetaka kujua vipimo. Kwake ilikuwa ni adabu. Kwa wagonjwa ilikuwa ni kama kuona mbao za jeneza zinaingizwa mlangoni. Familia zilianza kuwaficha wazee wao wakimwona anapanda kilima na koti lake la bendi, lile la buluu lenye vifungo vya shaba. Mzee mmoja aliyekuwa na malaria tu alitoka kitandani akamkimbiza kwa fimbo, na kesho yake alikuwa mzima. Mwalimu alilisimulia hilo kwa miaka, akidai kwamba ndiye aliyemponya.

Kwenye mazishi alikuwa anafika mapema kuliko wachimbaji. Alikanyaga udongo huku na huku, akainamisha kichwa, akasikiliza. "Hapa pana maji," aliwaambia. "Sauti italala." Wachimbaji walimchukia. Lakini walisogea alikowaonyesha, hatua moja au mbili, kwa sababu hakuna aliyetaka sauti ilale juu ya mtu wake.

Huyu ndiye mtu aliyezima redio kila wimbo wa dini ulipoanza. Alisema nyimbo za redioni zinapigwa na watu waliokwisha kula. Aliwachukia waliochelewa mazoezini, na yeye mwenyewe alichelewa kila siku, kwa kisingizio kile kile cha ng'ombe. Sukari aliipima kwa ncha ya kijiko na mapea aliyagawa kwa ndoo. Alipotaka kukusifia alisema, "Leo hukuniumiza." Mimi nilisifiwa mara moja, na mpaka sasa sijui kama alikuwa ananiambia mimi au kijana aliyesimama nyuma yangu.

Tarumbeta aliliacha siku ng'ombe alipompiga teke la mdomo. Meno ya mbele yakaenda, na midomo isiyo na meno nyuma yake haiwezi kubana pumzi; inatoka tu, kama upepo kwenye mlango mbovu. Alilitundika tarumbeta kwenye msumari juu ya kitanda chao. Miaka ikapita. Vijana wakanunua kinanda cha umeme na spika mbili kubwa, bendi ikabaki wazee watatu wanaoitwa kwenye misiba tu. Mwalimu akawa anaingia kanisani kwa mlango wa nyuma na kutoka kabla kwaya haijasimama.

Kisha Mama Mwalimu akaugua. Alipelekwa hospitali, akakaa, akarudishwa nyumbani na dawa za maumivu, na daktari akaeleza kwa sauti ya chini kwamba hakuna lingine la kufanya. Kilichowashangaza watu ni kwamba Mwalimu, aliyewauliza wagonjwa wa milima yote hii swali lake, kwa mkewe hakuuliza. Alimletea maziwa, akakaa kitandani, akazungumzia ng'ombe. Siku zikaenda. Mwisho ni yeye mwenyewe mama aliyesema, na alinisimulia hivi akicheka huku ameshika ubavu:

"Nikamwambia, Mwalimu, mimi mbona huniulizi? Hata yule wa malaria ulimuuliza. Akaniambia, wewe huumwi. Nikamwambia, haya, basi nitajichagulia, na wewe nenda mjini ukatafute meno."

Akajichagulia. Na Mwalimu akateremka Lushoto mjini kupimwa meno ya bandia, akashusha tarumbeta kutoka msumarini, akaanza kulia kama ng'ombe aliyezama kwenye matope.

Nilipokwenda kumsalimia asubuhi ile, alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, karibu na banda la ng'ombe, koti la buluu limemzidi mabega. Nyuma yake zilikuwa zimeegemezwa mbao ndefu, mpya, zinakauka. Hakuna aliyeniambia ni za nini na mimi sikuuliza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa. Pumzi unayo?"

"Sidhani."

"Sauti ya pili unaikumbuka?"

"Sidhani."

"Vizuri. Kaa." Akanipa tarumbeta lingine, la bendi, lililokuwa limefungwa kwenye gunia. "Mtu akijifunza peke yake anasikia makosa yake tu. Anakata tamaa. Nataka nisikie na ya mwingine."

Ndivyo nilivyorudi darasani. Mapea yalikuwa bado mtini. Kila siku alasiri nilipanda kwake, nikapuliza mpaka midomo ikavimba kama niliyeumwa na nyuki. Kuna kitu cha kudhalilisha katika kujua kitu zamani. Anayeanza hana aibu, hajui anachokosa. Mimi vidole vyangu vilikumbuka vibonyezo vyote, vilikimbia kwenda mahali pake bila kuombwa, na mdomo ukabaki nyuma kama mzee anayeitwa na wajukuu. Nilijifariji kwa jambo moja tu, kwamba Mwalimu naye alikuwa hawezi.

Ubeti ulikuwa wa mistari minne. Mwisho wa mstari wa tatu, sauti ya kwanza inapanda hadi nota ya juu, inakaa huko mtu akikaribia kuishiwa pumzi, kisha inashuka polepole kwenda kumalizia. Mwalimu alifika pale vizuri, kila wiki vizuri zaidi. Sauti ya ng'ombe iliondoka. Ile sauti yake ya zamani, ya shaba iliyopashwa moto, ilianza kurudi. Lakini kwenye nota ya juu alivunjika. Ilipasuka, ikatoka pumzi tupu, na akashusha tarumbeta kumwaga mate.

Na kutoka dirishani, ambalo lilikuwa wazi hata kwenye baridi, ikaja sauti ya Mama Mwalimu:

"Rudia."

Alirudia. Akavunjika pale pale.

"Rudia. Mbao zimekauka, Mwalimu, wewe mate yako hayajakauka?"

"Haya meno si yangu," alijibu bila kugeuka.

"Mimi nimekwambia siondoki na sauti hiyo. Watu watasema nimezikwa na mbuzi."

Walikuwa wanataniana, na mimi nilicheka, na baada ya kucheka nikatazama zile mbao.

Neno lake lile lilitoka pale dirishani likaenea. Mama Mwalimu kasema haondoki mpaka mumewe apate wimbo. Watu wa huku ni Walutheri na Waislamu wenye akili timamu, wote wanajua uhai ni wa Mungu, na hakuna aliyesema waziwazi kwamba anaamini. Lakini nilianza kuona kitu. Alasiri tarumbeta lilipoanza, majembe mashambani yaliendelea mstari wa kwanza, yakaendelea mstari wa pili, na kwenye wa tatu yakapungua. Nota ilipokaribia, bonde zima lilikuwa limesimama. Mafundi waliokuwa wakiezeka darasa upande wa pili walishika nyundo hewani. Kisha ikapasuka, na nikasikia majembe yanaanza tena, yote pamoja, kama watu wanaoshusha pumzi. Mzee mmoja wa kanisa alimwomba Mwalimu akafanyie mazoezi mbali. Alikataa. Alisema mgonjwa akichagua wimbo ana haki ya kuusikia.

"Wewe ni msomi," Mama Kabichi aliniambia siku moja, amejaza tenga lake la karoti za kupeleka sokoni. "Niambie. Kuna ubaya mtu akiomba mwenzake asijue kupiga?"

"Unaomba hivyo?"

"Nimeuliza tu."

Nilimwambia kwamba hayo mawili hayahusiani, ugonjwa una njia yake na muziki una yake. Nilieleza vizuri, kwa mifano. Jioni hiyo nota ilipokaribia nilijikuta nimebana tarumbeta kifuani na kuacha kupiga.

Baridi ikaja, ukungu ukawa unakaa mpaka mchana. Mama Mwalimu aliacha kukaa dirishani, wakamsogezea kitanda hapo. "Rudia" yake ikawa fupi, kisha ikawa na kikohozi ndani yake. Alikonda mpaka pete ikafungwa kwa uzi. Usiku, Mwalimu aliniambia, mkewe alikuwa akisaga meno kwa maumivu ili asimwamshe, na yeye alikuwa akifumba macho bila usingizi ili mkewe adhani amelala. Dawa zilikuwa hazifiki tena kule maumivu yalikokuwa. Alasiri Mwalimu alitoka na koti lake, akapiga, akavunjika.

Asubuhi moja niliacha kitabu changu kwenye kichwa chake kizuri nikaenda kutembea upande wa msitu wa Magamba. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba miti ya miwati ilionekana mmoja mmoja, kama watu wanaojitokeza kujitambulisha. Mbega walikuwa kimya. Nikasikia tarumbeta. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilisimama mwenyewe bila kujua, kama yale majembe. Nota ikapanda, ikakaa. Ilikaa muda mrefu kuliko nilivyowahi kusikia mtu akikaa pale, nyororo, haina hata mkwaruzo, kisha ikashuka polepole na ubeti ukaisha.

Alikuwa amesimama kwenye uwazi mdogo, amenipa mgongo. Nadhani alisikia kandambili.

"Tangu lini, Mwalimu?" nikauliza.

Hakushtuka. Alipangusa kile kipande cha mdomoni kwa pindo la koti, kama kawaida yake. "Tangu mapea."

"Tangu mapea? Na mimi muda wote huu nadhani tunashindwa wote wawili."

"Wewe unashindwa kweli."

"Basi ulinitakia nini?"

"Mtu mmoja akikosea pale pale kila siku anashukiwa," alisema. "Wawili wakikosea, ni bendi." Akacheka kidogo, na meno yale mapya yakawa meupe sana kwenye ukungu. Kisha akaacha kucheka. "Amesema haondoki na sauti ile. Umemsikia mwenyewe. Mimi nimezika watu wengi, mwanangu, sijawahi kupewa nafasi kama hiyo."

"Lakini anaumia, Mwalimu."

"Najua anaumia. Mimi ndiye ninayelala naye." Akalifunga tarumbeta kwenye gunia. "Usimwambie."

Sikumwambia. Alasiri tulikaa nyuma ya nyumba, tukapiga, na safari hii nilimtazama. Niliona anavyofanya: kabla ya nota anaulegeza mdomo upande mmoja, kidogo tu, kama mtu anayejizuia kusema neno. Ikapasuka. "Rudia," ikaja sauti. Nilikuwa nimeishi kwa miezi nikidhani namsikiliza mzee anayepambana na chombo chake. Kumbe alikuwa anakishikilia kisiende, kwa nguvu zake zote.

Mara ya mwisho niliyokaa nao wote wawili ilikuwa wiki hiyo hiyo. Mwalimu alikuwa bandani anakamua, na Mama Mwalimu akaniita ndani. Chumba kilikuwa na harufu ya moshi wa kuni na dawa. Nilipiga magoti karibu na kitanda ili asilazimike kupandisha sauti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe bado unapiga vibaya."

"Najua, Mama."

"Wewe nakuamini." Akapumzika. Kuongea kulikuwa kunamgharimu, alimeza kabla ya kila neno. "Msimu huu upepo unatoka Magamba. Unaingia moja kwa moja hapa dirishani. Unajua hilo?"

Nikatazama dirisha.

"Kila asubuhi nasikia. Tangu mapea. Mwanzo nilifurahi. Nikasema, mjinga huyu, ananipenda kiasi hiki." Alitaka kucheka, ubavu ukamkataza, na ilimchukua muda kurudi. "Sasa nimechoka. Mwambie apige kama anavyowapigia mbega."

"Mama, si ungemwambia mwenyewe?"

"Nikimwambia mimi atalia, na mdomo wa kulia haupulizi. Nenda."

Nilikwenda. Ni umbali wa kutoka mlango wa jikoni hadi bandani, na nilitembea kama niliyebeba maji kwenye sahani. Nimesimama mbele ya kumbi za wanafunzi mamia na sikuwahi kukosa la kusema. Mwalimu alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, maziwa yanaingia ndooni.

"Mwalimu," nikasema, "Mama anasema upepo wa msimu huu unatoka Magamba."

Maziwa yalisimama. Ng'ombe akageuza kichwa kumtazama.

"Anasema hivyo?"

"Anasema amechoka."

Alimaliza kukamua, chuchu zote, mpaka tone la mwisho. Akafunika ndoo, akanawa mikono, akavaa koti la buluu na kulifunga vifungo vyote hadi shingoni, jambo ambalo mazoezini hakuwahi kulifanya. Nikanyanyua tarumbeta langu. Akatikisa kichwa.

"Leo sauti ya pili haihitajiki," alisema. "Nenda nyumbani, mwanangu. Asante. Hukuniumiza."

Nikateremka. Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo na mashamba yote ya kabichi yalionekana, na watu ndani yake. Mama Kabichi alikuwa kwenye mtaro wa juu. Aliponiona nashuka mikono mitupu, saa ambayo huwa napanda, aliacha kuniita Profesa.

Tarumbeta likaanza. Mstari wa kwanza, majembe yakienda. Wa pili. Kwenye wa tatu yakapungua, kama siku zote, na nota ilipokaribia bonde lilikuwa limesimama. Ikapanda. Ikakaa. Tulingoja ipasuke, na ikaendelea kukaa, kisha ikashuka polepole, hatua kwa hatua, mstari wa nne, mpaka mwisho.

Kisha tukangoja lile neno lake, "Rudia". Dirisha lilikuwa wazi, niliweza kuliona kutoka pale nilipokuwa. Upepo ulikuwa unatoka upande wa Magamba, na siku kama hiyo hata kikohozi kingetufikia. Halikuja.

Mama Kabichi aliokota majani, akafuta udongo kwenye jembe lake, upande mmoja na mwingine, taratibu.

"Kesho siendi sokoni," akasema.